Ngoma ya Beni: Historia Yake na Fundisho Lake

Katika miji yetu ya Pwani, mwisho wa juma haupiti bila ya matarumbeta. Harusi inapita barabarani, vijana wamepanda gari la wazi, mmoja amekumbatia ngoma kubwa, wengine wamevimbisha mashavu juu ya matarumbeta yaliyopinda kwa uzee. Akina mama wanatoka vibarazani, watoto wanakimbia nyuma ya gari. Huko Unguja jambo hilo hilo lingali linaitwa kwa jina lake la zamani: beni. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza chombo hiki cha shaba, ambacho kililetwa na majeshi ya wakoloni ili kuwapigisha askari hatua, kilifikaje mikononi mwa makabwela, na kilifanya kazi gani kilipofika huko.

Swali hili si la kupitisha wakati. Katika majadiliano yetu kuhusu utamaduni wa taifa pamejitokeza misimamo miwili juu ya beni, na yote miwili inahitaji kusahihishwa. Msimamo wa kwanza unasema kwamba beni ilikuwa kasumba tupu: watu waliotawaliwa walivaa magwanda ya mtawala wao, wakajipa vyeo vyake, wakacheza gwaride lake, na kwa hiyo walikubali kutawaliwa hata katika starehe yao. Wenye msimamo huu hupenda kukumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ambapo aliwakemea waliojivunia dansi za Wazungu huku wakizionea haya ngoma za wazee wao. Wanasahau kwamba katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alionya kuwa taifa linalokataa kujifunza chochote kutoka kwa wengine ni taifa la watu waliokosa akili.

Msimamo wa pili ni kinyume chake. Unasema kila tarumbeta lililopigwa na Mwafrika lilikuwa tarumbeta la ukombozi, na kwamba beni ilikuwa mapambano dhidi ya ubeberu yaliyojificha ndani ya ngoma. Msimamo huu unapendeza masikioni, lakini historia haiuungi mkono.

Sisi tunasema kwamba beni haikuwa utumwa wa mawazo wala haikuwa mapinduzi. Ilikuwa ni umma unaojipanga wenyewe, kwa uwezo mkubwa na nidhamu kubwa, bila ya kuwa na lengo la pamoja la kisiasa. Uwezo huo ndio fahari yake. Kukosa lengo ndiko kulikouponza. Tukiielewa vizuri historia hiyo tutaona kwamba inatuhusu hata sisi wa leo.

Mashindano kabla ya shaba

Lazima kwanza tuondoe dhana kwamba beni ilianza siku Mwafrika alipoliona tarumbeta. Shaba ilikuja na mgeni, lakini mwili wa beni ulikuwa wa Pwani yenyewe. Muda mrefu kabla ya mkoloni, miji ya mwambao ilikuwa na desturi ya kugawanyika pande mbili na kushindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mashairi. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Kila upande ulikuwa na viongozi wake, watunzi wake na malenga wake, na ushindi ulipimwa kwa uhodari wa wachezaji, ukali wa maneno na wingi wa vyakula walivyolishwa wageni.

Mashindano hayo yalikuwa na maana katika jamii ya kitabaka. Pwani ya karne ya 19 ilikuwa na waungwana wenye nyumba za mawe na mashamba, ilikuwa na watumwa, na kati yao palikuwa na watu wa kila namna: wageni kutoka bara, wachukuzi, mafundi, mabaharia. Ngoma ilikuwa ni mahali ambapo mtu alitangaza yeye ni nani. Mwungwana alicheza kuonyesha kwamba heshima ni yake. Aliyekuwa chini alicheza kudai kwamba na yeye ni mtu wa mji.

Madai hayo yaliongezeka nguvu wakati utumwa ulipokuwa unavunjika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika miaka hiyo yote maelfu ya watu walikuwa wanatoka katika mashamba ya mabwana na kuingia mijini wakitafuta kazi, jina na jamaa. Beni ilizaliwa katikati ya mageuzi haya.

Shaba ilivyoingia

Matarumbeta yaliingia kwa njia zaidi ya moja. Sultani wa Unguja alikuwa na bendi yake, iliyopigwa na Wagoa, na watu wa mji waliisikia mbele ya jumba lake. Karibu na Mombasa wamisionari wa Kiingereza walianzisha kijiji cha Freretown katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na huko vijana walifundishwa kupiga vyombo vya shaba. Manowari za Kiingereza zilitia nanga bandarini na bendi zao zikashuka pwani.

Kwa upande wa Tanganyika, Wajerumani waliingia kwa mtutu wa bunduki. Vita vya kumkabili Abushiri bin Salim mwaka 1888 na 1889 vilipiganwa na askari wa kukodiwa, Wasudani kutoka Misri na watu wa Msumbiji walioitwa Wazulu, na baada ya vita jeshi hilo la kikoloni likabaki na bendi zake na magwaride yake. Tanga ilipata shule ya serikali mwaka 1892, na wanafunzi wake, ambao walikuwa wakitayarishwa kuwa makarani, walimu na maakida, walikuwa na bendi ya matarumbeta iliyopigwa katika sherehe za serikali. Mkoloni hakufanya hivyo kwa kupenda muziki. Gwaride ni somo la utii, na bendi ni chombo cha kuufanya utii uonekane mtamu.

Lakini hapa ndipo hesabu ya mkoloni ilipokosea. Alidhani kwamba akimfundisha kijana tarumbeta, kijana atapiga wimbo aliofundishwa tu. Kijana alipotoka kazini jioni alilipeleka tarumbeta, au ujuzi wake, katika mtaa wake, akaliingiza katika ngoma ya mashindano ambayo babu yake aliijua. Kutokana na neno la Kiingereza la bendi watu wakapata neno lao: beni. Kufikia miaka ya 1890 vyama vya namna hii vilikuwa vimeanza katika mwambao wa Kenya. Majina ya vyama vya Mombasa yenyewe yanasema: Kingi, Scotchi, Kilindini, Settla. Mfalme, askari wa Scotland, bandari, mlowezi. Mji mzima wa kikoloni uligeuzwa kuwa ngoma.

Na pasipokuwa na shaba watu hawakukaa wakingojea. Walitumia vibuyu vilivyotobolewa na kuwekewa utando, ambavyo mtu akiimba ndani yake vinatoa mlio wa tarumbeta. Ngoma kubwa ikatengenezwa kwa pipa au kwa mti na ngozi. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba beni ilikuwa ni kuiga tu, watueleze: mwigaji gani huyu ambaye hana chombo cha kuigia, naye anakiunda?

Marini na Arinoti

Tanganyika vyama viwili ndivyo vilivyokuwa vikubwa, Marini na Arinoti. Vilikuwapo Tanga na Dar es Salaam, na baadaye vikaenea hadi miji ya bara. Kwa kawaida Marini kilihesabiwa kuwa chama cha wenye nafasi: makarani, askari wenye vyeo, waliosoma, wenyeji wa Pwani waliojiona ndio wastaarabu. Arinoti kilihesabiwa kuwa chama cha watu wa chini zaidi: vibarua, watumishi wa majumbani, watu wa bara na hasa Wamanyema. Mpaka huo haukuwa ukuta, na mji mmoja ulitofautiana na mwingine. Hata hivyo watu wenyewe waliuona na waliuimba.

Siku ya ngoma kila chama kilijitokeza kwa safu, sare zimepigwa pasi, mbele wapigaji, nyuma wachezaji wakikata hatua za gwaride, pembeni akina mama na vigelegele. Waliimba kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kabila fulani, maana mwanachama angeweza kuwa Mzaramo, Mnyamwezi, Mdigo, Mmanyema au Mngoni. Waliwasifu wakubwa wao na kuwachambua wapinzani. Baada ya ngoma zikaja karamu, na upande mmoja ukichinja ng'ombe, upande wa pili ulitafuta ng'ombe wawili.

Kila chama kilikuwa na ngazi ndefu za vyeo. Wakati wa Wajerumani palikuwa na Kaisa. Alipokuja Mwingereza palikuwa na Kingi, na chini yake magavana, majenerali na madaktari. Akina mama nao walikuwa na Kwini wao. Kwa macho ya juu juu huku ni kujidhalilisha. Lakini tuiangalie hali halisi ya mtu huyo. Mchana ni boi katika nyumba ya Mzungu, anaitwa kwa kengele, na hata akiwa na mvi bado ni boi. Jioni ni Jenerali, watu mia wanasimama akipita. Alichokuwa anakisema ni kwamba cheo si ngozi. Hakuwa amefikia kusema kwamba cheo chenyewe, namna kilivyojengwa, ndicho kilichomkalia. Hatua hiyo ya pili ilihitaji mwamko ambao ngoma peke yake haikuweza kuuleta.

Chini ya sare na vyeo palikuwa na kazi ambayo haikuonekana na wapita njia. Chama kiliuguza wagonjwa wake. Kilizika wafu wake. Mwanachama akihama kutoka Tanga kwenda Tabora alifika na kupokewa na wenzake wa chama kile kile, wakampa mahali pa kulala na kumtafutia kazi. Matawi yaliandikiana barua kwa Kiswahili. Palikuwa na michango, palikuwa na faini kwa anayechelewa au anayevunja adabu, palikuwa na makarani wa kuandika majina. Serikali ya kikoloni haikumpa kibarua wa mjini bima, wala nyumba, wala kaburi. Vyama vya beni vilijaribu kumpa angalau jamaa.

Vita vya wakubwa

Mwaka 1914 mabeberu wa Ulaya walianza kupigana wao kwa wao, na vita vyao vikaletwa hadi kwetu. Novemba 1914 mapigano makali yalifanyika katika mji wa Tanga. Kwa miaka minne majeshi yalifukuzana kutoka mpaka wa Kenya hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Jina la mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi, na yafaa kila anayepita sokoni pale alijue hilo.

Ndani ya balaa hili beni ilisafiri. Ilichezwa na askari wa Mjerumani na ilichezwa na askari wa Mwingereza. Katika makambi, watu waliolazimishwa kupigana kwa ajili ya wafalme wawili walikutana wakagundua kwamba wana ngoma moja. Vita vilipokwisha Novemba 1918 waliobaki hai walirudi kwao na beni mabegani. Kandokando ya Ziwa Nyasa ikazaa malipenga na mganda, ambazo zinachezwa mpaka leo upande wetu na upande wa Malawi. Katika Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa mbeni. Hakuna chama kingine chochote cha Waafrika katika sehemu hii ya dunia kilichokuwa kimeenea namna hiyo wakati ule, kutoka Mombasa hadi migodini, kikiwa na Kiswahili kama lugha yake ya safari.

Hofu ya mkoloni

Mkoloni alipoyaona haya aliingiwa na wasiwasi. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza walifanya uchunguzi wa siri juu ya vyama vya beni katika makoloni yao ya Afrika Mashariki. Waliuliza: barua hizi zinazotoka mji hadi mji zinabeba nini? Vyeo hivi vya kijeshi ni mchezo au ni jeshi? Je, nyuma yake kuna njama ya Waislamu, au ya Wajerumani waliobaki? Uchunguzi haukupata njama. Lakini tabia ya serikali haikubadilika. Iliendelea kudai vibali vya ngoma, kuweka saa za kupiga, na kuwaangalia kwa jicho la pembeni makarani wake waliokuwa wanachama.

Mfano mkubwa zaidi ulitokea nje ya mipaka yetu, na tunauleta hapa kwa sababu unaonyesha mahali ambapo safari ya beni ilifika. Mei 1935 wafanyakazi Waafrika katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa. Mgomo ulianzia Mufulira, ukapita Nkana, ukafika Luanshya, na huko Luanshya tarehe 29 Mei polisi walipiga risasi na kuua watu 6. Serikali ilipounda tume ya uchunguzi, swali mojawapo lililochimbwa lilikuwa juu ya chama cha mbeni: je, ndicho kilichopeleka habari kutoka mgodi hadi mgodi? Tusidai zaidi ya tunavyoweza kuthibitisha. Chama cha ngoma hakikuuanzisha mgomo ule. Kodi na mshahara mdogo ndivyo vilivyouanzisha. Lakini tusipuuze pia. Wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali, wasio na chama cha wafanyakazi kilichoruhusiwa na sheria, walihitaji watu waliokwisha kuzoeana na kuaminiana, na wachezaji wa mbeni walikuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo.

Ugonjwa uliokuwa ndani

Mpaka hapa tumeeleza nguvu ya beni. Sasa tueleze ugonjwa wake, maana mwanahistoria anayeficha ugonjwa hamsaidii mgonjwa wala warithi wake.

Kwanza, nguvu zote za chama zilielekezwa kwa Mwafrika mwenzake. Adui wa Marini alikuwa ni Arinoti. Adui wa Arinoti alikuwa ni Marini. Waliokatwa kodi na serikali moja, waliolala katika vijumba vya udongo vya mitaa ile ile, walimaliza akili zao katika kutungiana kashfa. Mkoloni aliyekuwa na wasiwasi juu ya barua zao angeweza kulala usingizi mzuri kila Jumamosi.

Pili, mashindano ya fahari yalikula jasho la wanachama. Sare ilitaka fedha, matarumbeta yalitaka fedha, karamu ilitaka fedha zaidi. Huko Mombasa vyama vya lelemama vya akina mama, vilivyokuwa ndugu wa beni, vilishindana kwa mavazi na karamu hata waume wakaingia katika madeni. Mfanyabiashara wa nguo alifaidika na pande zote mbili. Mshahara uliolipwa na tajiri ukarudi kwa tajiri kwa njia ya ngoma.

Tatu, vyeo vilianza kuwa ndiyo kazi yenyewe. Chama kilichoanzishwa ili watu wazikane kikageuka mahali pa kugombea nani atakuwa Kingi. Mwanachama mwenye fedha alipanda, asiyekuwa nazo alibaki akipiga hatua nyuma. Ngazi ya kitabaka iliyokuwapo katika mji ikaingia ndani ya ngoma, nayo ikavikwa sare.

Kwa ajili ya haya vijana wakaanza kuondoka. Kuanzia miaka ya 1930 waliosoma walivutwa na dansi, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Wengine walivutwa na mpira wa miguu, ambapo Yanga na mwenzake Simba vilizaliwa katikati ya muongo huo huo na kuurithi mtindo wa Pwani wa mji mmoja kuwa na pande mbili. Baada ya vita vya pili vya dunia beni ilionekana tena hapa na pale, lakini haikurudia ukubwa wake. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa imekwisha kuwa habari ya wazee.

Kutoka ngoma hadi siasa

Je, basi, kazi yote ile ilipotea bure? Hapana. Watu waliokwisha kujifunza kuitisha mkutano, kukusanya michango, kuandika barua kwa tawi la mbali na kumheshimu kiongozi asiyekuwa wa kabila lao, hawasahau mara moja. Chama cha Waafrika kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na baadaye kufungua matawi mikoani, hakikuwa kinapanda katika ardhi ambayo haijalimwa. Beni na vyama vingine vya mjini vilikuwa vimekwisha kulima.

Ushahidi ulio wazi zaidi tunaupata kwa akina mama. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata ilimpata Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji na kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipotakiwa kuwaleta wanawake katika chama, Bibi Titi hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, akazungumza nao, nao wakazungumza na watu wao, na kwa muda mfupi maelfu wakajiandikisha. Vikundi hivyo vilikuwa vimeshindana kwa miaka. TANU haikuvivunja. Ilivipa lengo moja lililo kubwa kuliko mashindano yao.

Katika tendo hilo moja tunaona tofauti yote kati ya beni na siasa. Watu walikuwa ni wale wale, na nyimbo, michango na nidhamu vilikuwa ni vile vile. Kilichobadilika ni swali ambalo watu walijiuliza. Zamani waliuliza: nani kati yetu ni mkubwa? Sasa wakauliza: kwa nini sote tuko chini?

Fundisho kwa makada

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya beni, na alifanya hivyo kwa kuyachukulia maisha ya watu wa kawaida kuwa historia kamili. Kazi hiyo ilistahili kuendelezwa nasi wenyewe, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa. Waliocheza Marini na Arinoti katika siku za nguvu zake wamekwisha kutangulia. Wamebaki wajukuu, picha ukutani na tarumbeta lililofungiwa sandukuni. Mwanafunzi wa historia aliyeko Tanga au Bagamoyo anao wajibu wa kubisha hodi katika nyumba hizo kabla sanduku halijauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Lakini fundisho kubwa ni la kisiasa, na tunalieleza kwa mambo matatu.

La kwanza: umma haungoji kufundishwa kujipanga. Mahali popote penye shida ya pamoja watu huunda chama chao, kiwe cha kuzikana, cha kuweka na kukopa, cha ngoma au cha mpira. Kada anayekwenda mtaani akidhani kwamba kabla yake palikuwa patupu, hajasoma historia. Aanze kwa kuuliza: hapa mmejipanga vipi? Na ajifunze kabla ya kufundisha.

La pili: si kila kilichotoka kwa mgeni ni kasumba, na si kila kilichotoka kwa mababu ni ukombozi. Kipimo ni hiki: chombo hicho kinamtumikia nani, na kinawaunganisha wavujajasho au kinawagawa? Tarumbeta la shule ya Mjerumani lilimtumikia Kaisa. Tarumbeta hilo hilo mtaani lilimzika kibarua kwa heshima. Na siku ya mashindano lilimgombanisha na jirani yake. Shaba ni moja, kazi ni tatu.

La tatu ndilo zito, na hatuna budi kulisema bila ya kuoneana haya. Ugonjwa ulioiua beni si ugonjwa wa beni peke yake. Chama chochote kinaweza kubaki na sare, nyimbo, safu na vyeo, huku kazi iliyokifanya kizaliwe imesahauliwa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikataza majivuno, anasa na dharau kwa viongozi kwa sababu hatari hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana miaka kumi tu baada ya Uhuru. Tawi ambalo mgonjwa wake hatembelewi, ambalo mjane wake hajulikani jina, lakini siku ya mkutano linang'aa kwa mavazi na kushindana kwa vigelegele, limerudi kuwa ngoma. Tena ni ngoma mbaya kuliko beni, kwa sababu beni angalau ilizika wafu wake.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tukisikia matarumbeta ya harusi yanapita, tusiyapuuze wala tusiyalilie. Tuyasikilize kwa makini. Ni sauti ya watu ambao walinyimwa kila kitu wakaunda chama, na ambao chama chao kilikufa kwa sababu kiliacha kuwauliza wanachama wake shida zao kikaanza kuwahesabu sare zao. Sisi tuliorithi uwezo wao tuhakikishe kwamba hatukurithi na ugonjwa wao.